Mkunazini, Namirembe na Canterbury

Katika zama za Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyojulikana pwani yote kwa herufi zake nne za UMCA, askofu aliyeteuliwa kuja Unguja aliwekwa wakfu Uingereza, akala kiapo cha utii kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kisha akapanda meli. Na tangu siku aliyoshuka forodhani hakuwa na askofu mwingine juu yake katika nchi hizi, wala sinodi ya jimbo ya kumhoji, bali kiapo kile tu, ambacho alikichukua moyoni mwake na ambacho Canterbury haikuwa na njia ya kumshurutisha akitimize isipokuwa kwa barua. Dayosisi yake ilivuka bahari, ikapanda milima ya Usambara, ikateremka kusini hata kukaribia mto Ruvuma; na mtu aliyelitawala eneo kubwa namna ile, akiwa mbali na mkuu wake kwa safari ya majuma kadhaa, hakukosa kujiona kuwa yeye ndiye kanisa. Kutoka katika hali hiyo yalizuka mashindano baina ya makao makuu ya ng'ambo na makanisa ya huku, yakaendelea kwa muda wa karibu miaka mia. Nia yangu ni kuyasimulia mashindano hayo, na hasa kulidhihirisha jambo moja ambalo naona halijapewa haki yake na waandishi wa tarikhi ya kanisa: kwamba uhuru wa dayosisi mbele ya makao makuu, kwa muda mrefu sana, ulikuwa uhuru wa askofu, wala haukuwa uhuru wa waumini waliokuwa chini yake.

Vyama viwili ndivyo vilivyoleta Uanglikana katika Afrika ya Mashariki, na kila kimoja kilikuwa na rai yake juu ya nani mwenye amri. CMS, kilichoasisiwa London mwaka wa 1799, kilitawaliwa na kamati iliyokutana Salisbury Square, na kamati hiyo ndiyo iliyowaajiri wamisionari, ikawapangia vituo, ikawalipa na, ilipobidi, ikawaondoa. Askofu aliheshimiwa kwa taadhima zote za daraja lake, akatoa kipaimara na kuwawekea mikono makasisi, lakini hazina hakuishika. Na katibu wa CMS aliyekaa Mombasa, akiandikiana moja kwa moja na London, aghalabu alikuwa na nguvu kuliko yeye katika mambo ya kila siku. UMCA, kilichozaliwa kutokana na wito wa David Livingstone kwa wanachuo wa Cambridge mwaka wa 1857, kilishika njia iliyokuwa kinyume cha hiyo: kiongozi wa misheni awe askofu mwenyewe, naye akae huku huku pamoja na watu wake, na kazi ya kamati ya London iwe kukusanya fedha na kutafuta watu wa kuja. Wamisionari wake hawakupokea mshahara, ila posho ndogo na riziki. Hivyo hata ule mkono wa kuwavuta watu kwa mfuko wa fedha, ambao makao makuu yo yote huwa nao, kwa UMCA ulikuwa mfupi.

Tofauti hiyo ilionekana mapema. Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa UMCA, alifariki kwa homa katika nchi ya mto Shire tarehe 31 Januari 1862. Na mrithi wake, William Tozer, baada ya kukaa kwa muda katika kilima cha Morambala na kuona kwamba watu wake watakwisha wote kabla hawajajua hata lugha ya wenyeji, aliamua kuihamisha misheni nzima hadi Unguja, akafika Agosti 1864 akifuatana na Edward Steere. Livingstone alighadhibika, kwani aliona wito wake umesalitiwa, na Uingereza walikuwako waliomwunga mkono; lakini uamuzi ulisimama, kwa kuwa katika misheni ile mwenye kuamua alikuwa askofu aliyeko, si mtu aliyekaa mbali. Katika uamuzi huo mmoja ndimo ilimotoka shule ya Kiungani, ndimo ilimotoka kazi ya Steere katika Kiswahili, na ndimo lilimotoka kanisa kuu la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka wa 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, miezi michache tu baada ya Sayyid Barghash kulifunga soko hilo.

Lakini asije msomaji akadhani kwamba mbali na makao makuu ndiko kwenye heri daima. Mwaka wa 1875 CMS kilianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iwe makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya biashara ya utumwa. Na mwanzoni mwa miaka ya 1880 zilifika London habari kwamba watu hao hao, waliokombolewa kutoka utumwani, walikuwa wakichapwa viboko kupita kiasi kwa amri ya msimamizi wao. Salisbury Square iliingilia, ikamwondoa msimamizi katika daraka lake, ikamrudisha William Salter Price, aliyekuwa mwanzilishi wa kijiji kile, aje akitengeneze upya. Mtu aliyechapwa kule Frere Town hakuwa na sinodi ya kumsikiliza, wala baraza la parokia, wala kadhi wa kumwendea dhidi ya Mzungu wa misheni. Kimbilio lake pekee lilikuwa kamati ya watu wasiomjua, nao walimsikia kwa sababu maofisa na wasafiri walioona mambo yale waliyaandika. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaoyahesabu makao makuu ya mbali kuwa dhuluma tupu. Yalikuwa dhuluma mara nyingi, na mara nyingine yalikuwa mlango pekee uliobaki wazi.

Katika CMS penyewe alikuwapo mtu aliyeona mbali kuliko kamati yake. Henry Venn, katibu wa chama tangu mwaka wa 1841 hata 1872, alifundisha kwamba kazi ya misheni ni kujiondoa: kanisa la wenyeji lijitegemee kwa fedha zake, lijitawale kwa viongozi wake, lieneze imani kwa watu wake, na misheni ihamie kwingine. Kwa shauri lake Samuel Ajayi Crowther aliwekwa wakfu mwaka wa 1864 kuwa askofu wa nchi za mto Niger, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hilo katika Uanglikana. Lakini Venn alipokwisha kufa, kizazi kipya cha wamisionari vijana, waliojaa bidii na kiburi kwa kipimo kimoja, walimwendea yule mzee mwaka wa 1890, wakawasimamisha makasisi wake mbele ya macho yake, na London haikumlinda. Akafariki siku ya mwisho ya mwaka wa 1891. Rai njema iliyotolewa makao makuu ilikufa huko huko makao makuu, kwa kuwa hapakuwa na katiba yo yote huku ya kuihifadhi mwenye kuitoa akiondoka.

Mwaka ule ule wa 1890 aliwekwa wakfu Alfred Tucker, mchoraji wa picha aliyegeuka kasisi, awe askofu wa Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Watangulizi wake wawili walikuwa wamekwisha kufa, James Hannington kwa kuuawa Busoga mwaka wa 1885, na Henry Parker kwa maradhi mwaka wa 1888. Alipofika Buganda alikuta kanisa lililokwisha kumwaga damu kwa ajili ya imani yake, lenye wazee wake na wahubiri wake, lililokuwa likitangaza dini katika nchi za jirani bila kungoja amri ya mtu. Mwaka wa 1893 aliwawekea mikono mashemasi wa kwanza wa Kiganda, na mwaka wa 1896 makasisi wa kwanza. Na mwaka wa 1897 akatoa rasimu ya katiba ambayo, kwa maoni yangu, ni waraka wenye thamani kuliko waraka mwingine wo wote ulioandikwa na askofu wa Kiingereza katika Afrika ya Mashariki. Humo alisema kwamba kanisa la Uganda liwe moja, lenye sinodi moja, na wamisionari wa Kizungu waingie ndani ya kanisa hilo wakiwa sawasawa na Waganda, chini ya sinodi ile ile, wakihukumiwa na kupangiwa kazi pamoja nao.

Wamisionari walikataa. Hoja zao zilivaa mavazi mengi: kwamba Waganda bado wachanga katika imani, kwamba mmisionari ni mtumishi wa CMS na hawezi kutumikia mabwana wawili, kwamba fedha za wafadhili wa Uingereza haziwezi kuwekwa mikononi mwa baraza wasilolijua, lakini chini ya mavazi hayo kulikuwa na jambo moja tu, nalo ni kwamba hawakuwa tayari kukaa chini ya Mwafrika. Hapo ndipo Salisbury Square, ambayo kwa rai ya Venn ilipaswa kushangilia rasimu ile, ilipogeuka ngome ya watu waliotaka kuikwepa. Maana mmisionari aliyeambiwa atii sinodi ya Uganda, pale Namirembe, aliweza kujibu kwamba mkuu wake yuko London. Tucker alishindana nao kwa miaka 12, na katiba iliyokubaliwa mwisho mwaka wa 1909 iliwapa Waganda sinodi yao na mabaraza yao ya ngazi zote, ikawaacha wamisionari na mkutano wao wa peke yao ng'ambo ya uzio. Tucker alistaafu mwaka wa 1911, naye amesifiwa kwa mambo mengi, pamoja na lile la kuwashawishi wafadhili wa CMS mwaka wa 1891 watoe pauni kiasi cha 16,000 ili Kampuni ya Kiingereza isiondoke Uganda, jambo ambalo mimi silihesabu katika sifa zake. Sifa yake kubwa ni ile rasimu aliyoshindwa kuipitisha.

Kabla ya kuingia katika ugomvi mkubwa wa mwaka wa 1913 yapasa kueleza kwa nini Canterbury, pamoja na adhama yake yote, haikuwa na meno. Katika Afrika ya Kusini Robert Gray, Askofu wa Cape Town aliyekuwa mkuu wa maaskofu wa huko, alimvua uaskofu John William Colenso wa Natal mwaka wa 1863 kwa sababu ya maandishi yake juu ya Vitabu vya Musa. Colenso akapeleka shauri lake mbele ya Baraza la Mfalme huko London, na mwaka wa 1865 Baraza likaamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria juu yake. Maana ya hukumu hiyo ilikuwa nzito: makanisa ya ng'ambo yasitegemee amri ya dola kuwaweka maaskofu wao katika mstari, bali yajifunge yenyewe kwa katiba wanayoikubali. Kutokana na fujo hiyo uliitishwa Mkutano wa kwanza wa Lambeth mwaka wa 1867, wakahudhuria maaskofu 76. Lakini Askofu Mkuu Longley wa Canterbury aliwahakikishia wote tangu mwanzo kwamba mkutano ule si sinodi, wala hautatunga sheria. Basi makao makuu yakawa mahali pa kushauriana, wala si mahakama. Na katika dayosisi za kwetu, ambazo hazikuwa bado na jimbo wala katiba ya pamoja, kati ya askofu na Mungu alikuwapo mzee mmoja Canterbury mwenye heshima na karatasi.

Juni 1913 wamisionari wa CMS, wa Kanisa la Scotland, wa Africa Inland Mission na wa Kimethodisti walikutana katika misheni ya Waskoti huko Kikuyu, wakiwa na maaskofu wawili wa Kianglikana, W. G. Peel wa Mombasa na J. J. Willis wa Uganda, ili kutafuta shirikisho la misheni zao. Sababu yao ilikuwa njema: Mkikuyu aliyebatizwa na Waskoti akihamia Mombasa kutafuta kazi alikuta kanisa lingine lisilomtambua, na kila misheni ilimfunza kuwa Mkristo wa nchi ya Ulaya asiyoijua. Walikubaliana juu ya imani za kale za kanisa, juu ya kupokeana katika mimbari, na juu ya kumkaribisha muumini wa misheni nyingine katika Ushirika Mtakatifu akiwa safarini. Na mwisho wa mkutano Peel aliadhimisha Ushirika katika kanisa la Waskoti kwa Kitabu cha Sala cha Kianglikana, wakashiriki wajumbe walio wengi, Waanglikana na wasio Waanglikana.

Habari hizo zilipofika Mkunazini, Frank Weston hakulala. Alikuwa amekuja Unguja mwaka wa 1898 akiwa kijana, akawa mkuu wa Kiungani, na mwaka wa 1908 akawa askofu. Mtu wa elimu pana na imani kali, aliyekijua Kiswahili vyema na kuishi maisha magumu kwa hiari yake. Kwake yeye kanisa bila askofu si kanisa, na Ushirika uliotolewa kwa watu wasio na kipaimara cha askofu ulikuwa uvunjaji wa amana waliyokabidhiwa wote. Alichapisha waraka wa wazi kuuliza Kanisa la Uingereza linasimamia nini hasa, akawashitaki maaskofu wenzake wawili kwa Askofu Mkuu Randall Davidson kwa uzushi na mfarakano, akataka wahukumiwe.

Yafaa tuitazame hatua hiyo kwa makini. Weston alikuwa ndiye mtetezi mkali kuliko wote wa haki ya askofu katika dayosisi yake. Asingekubali hata siku moja kwamba kamati ya London au askofu wa Mombasa amwamrishe namna ya kuadhimisha misa Unguja. Lakini majirani zake walipoitumia haki hiyo hiyo katika dayosisi zao, aliyakimbilia makao makuu akayataka yawe na nguvu ambayo yeye mwenyewe asingeyaruhusu yawe nayo juu yake. Willis na Peel nao, ambao siku zote walikuwa na Salisbury Square mabegani mwao, safari hii walisimama juu ya uhuru wa kila dayosisi kuamua mambo yake kwa mazingira yake. Si kwamba watu hawa walikuwa wanafiki. Kila mmoja alisema kweli aliyoiamini. Lakini ni dhahiri kwamba katika kanisa lisilo na katiba ya pamoja, uhuru wa mkoa na nguvu ya makao makuu huwa silaha zinazookotwa na kutupwa kwa kadiri ya vita vilivyopo.

Na bado swali moja la Weston lilikuwa la haki, nalo halikujibiwa: nani aliyewapa maaskofu wawili idhini ya kulibadili umbo la kanisa bila kuwauliza wengine? Ningeongeza swali la pili, ambalo Weston hakuliuliza kwa sauti ile: nani aliyewauliza Wakikuyu, na Wataita, na Wamijikenda, ambao makanisa yao ndiyo yaliyokuwa yakiunganishwa? Mkutano ule ulikuwa wa wamisionari.

Davidson alikataa kufungua mashitaka ya uzushi. Aliupeleka ugomvi mbele ya Baraza la Ushauri la Lambeth, likakaa Julai 1914, na siku chache baadaye Ulaya yote ikaingia vitani. Jibu lilitoka Pasaka ya mwaka wa 1915, likasema kwamba mhubiri wa kanisa lingine aweza kualikwa, na kwamba muumini wa kanisa lingine aweza kupokewa penye haja kwa idhini ya askofu, lakini ibada ya pamoja kama ile ya Kikuyu isifanywe tena. Hakuna aliyeridhika, na hakuna aliyeshitakiwa. Mwaka ule ule Weston alitangaza katika dayosisi yake kwamba Unguja haina ushirika na John Percival, Askofu wa Hereford huko Uingereza, kwa kuwa alimpa cheo mwanachuoni ambaye Weston aliona mafundisho yake yanapotosha. Na Canterbury, ambayo haikuweza kuwahukumu maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa ombi la Unguja, haikuweza pia kuizuia Unguja isimpige marufuku askofu wa Uingereza yenyewe.

Nisingependa msomaji abaki na sura hiyo moja ya Weston. Oktoba 1919 Gavana Northey wa Kenya alitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wawasukume Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Na Askofu Heywood wa Mombasa, Askofu Willis wa Uganda na Daktari Arthur wa misheni ya Waskoti waliandika wakizikosoa njia zilizotumika, ila walikiri kwamba kazi ya lazima yaweza kukubalika ikiwekewa masharti. Weston hakutafuta masharti. Mwaka wa 1920 alichapisha Uingereza kijitabu akilishutumu jambo lote tangu shina lake, akisema kwamba kumlazimisha mtu amfanyie kazi mtu binafsi ni kumrudisha utumwani. Na hapo alikuwa na haki, na wenzake walikuwa wamekosea. Kelele zilizopigwa London na watu wa misheni na wabunge ziliifanya serikali ya huko kupunguza makali ya sera ile mwaka wa 1921. Askofu wa Unguja hakuwa na dayosisi katika mashamba yale. Maaskofu wenye dayosisi hizo walikuwa karibu mno na meza za magavana hata wakaona masharti kuwa ushindi. Hapa tena mbali na mahali pa jambo kulikuwa na faida yake.

Mfano mwingine wa mashindano haya, ulio karibu zaidi na sisi wenye kusoma Kiswahili, ni ule wa Biblia. Unguja walifuata kazi ya Steere na warithi wake, wakapata Biblia nzima mwaka wa 1891 kwa Kiunguja. Mombasa, ambako CMS kilikuwa na wataalamu wake wa Kimvita, hawakukubali kwamba lugha ya Mungu kwa pwani nzima iwe ile ya Mkunazini, wakatafsiri yao, ikakamilika mwaka wa 1914. Hivyo Wakristo wa lugha moja, umbali wa siku moja au mbili kwa jahazi pepo zikiwa njema, wakawa na vitabu viwili, na kila upande ukakiona kitabu cha mwenziwe kigeni. Wala si Canterbury iliyoamua ugomvi huo, bali serikali za kikoloni, zilizochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha shuleni katika mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928. Na Biblia ya pamoja, iliyotoka mwaka wa 1952, ilikuja baada ya wasomaji wengi wa kwanza wa vitabu vile viwili kuwa wamekwisha kuaga dunia. Kimvita kilipoteza zaidi, na mimi ni mmoja wa wanaosikitika, kwa kuwa lahaja yenye diwani kubwa namna ile ilistahili kuachiwa Maandiko yake.

Vita vya mwaka wa 1914 vilifanya katika dayosisi ya Unguja jambo ambalo sinodi hazikulifanya. Bara ikiwa mikononi mwa Wajerumani, wamisionari wa UMCA walikamatwa na kufungwa, na baadhi ya mapadre na walimu Waafrika nao wakateswa na kutiwa gerezani Tabora kwa kushukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza. Na wale waliosalia nje walibatiza, wakazika, wakafundisha, wakawaweka watu pamoja bila askofu na bila senti ya London. Cecil Majaliwa alikuwa padre tangu mwaka wa 1890, na John Swedi shemasi tangu 1879. Mapadre Waafrika waliketi katika sinodi ya Unguja. Hapakuwa na uchache wa watu wanaofaa. Lakini Wazungu waliporudi walivishika viti vyao kama walivyoviacha, na Weston alipofariki Hegongo tarehe 2 Novemba 1924 alirithiwa na Mwingereza, na huyo akarithiwa na Mwingereza. Uhuru ule ambao Mkunazini ilijivunia mbele ya Canterbury haukuwafikia waliousitiri kwa miili yao.

Ilipofika tarehe 15 Mei 1955, Askofu Mkuu Geoffrey Fisher aliwaweka wakfu Namirembe maaskofu Waafrika wanne kwa pamoja: Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, Yohana Omari wa Tanganyika ya Kati, na Daniel Deng Atong wa Sudani. Fisher ndiye aliyeona kwamba dayosisi zilizofungwa na Canterbury kwa uzi wa kiapo ziwe majimbo yenye katiba, na tarehe 3 Agosti 1960 alikuwako Dar es Salaam kuzindua Jimbo la Afrika Mashariki, lililoziunganisha dayosisi za jadi ya UMCA na zile za jadi ya CMS, za Tanganyika, Unguja na Kenya, chini ya Askofu Mkuu Leonard Beecher. Uganda ikapata jimbo lake mwaka wa 1961. Miaka 47 baada ya Kikuyu, Mkunazini na Mombasa ziliketi katika sinodi moja, na Canterbury haikuwa tena mahali pa kupelekewa mashitaka.

Hapo ugomvi ulihama nyumba. Erica Sabiti alipokuwa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Uganda, mwaka wa 1966, hakuwa na dayosisi mjini Kampala, kwa kuwa alitoka magharibi ya nchi. Na dayosisi za Namirembe na Buganda Magharibi, zilizohesabu kwamba kanisa lilianzia kwao na kwamba heshima ya makao makuu ni yao, zilifikia kutishia kujitenga na jimbo, mpaka mwaka wa 1971 Idi Amin akawaita maaskofu wote na kuwasukuma wapatane, jambo la aibu kwa kanisa kupatanishwa na mtu kama huyo. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuunda dayosisi ya Kampala mwaka wa 1972 iwe ya Askofu Mkuu mwenyewe.

Tanzania na Kenya ziligawana jimbo mwaka wa 1970, Olang' akawa Askofu Mkuu wa Kenya na John Sepeku wa Tanzania. Sisi wa Tanzania tulichagua njia nyingine: Askofu Mkuu huchaguliwa miongoni mwa maaskofu wenye dayosisi, naye huendelea kuiongoza dayosisi yake, Sepeku alibaki Dar es Salaam, John Ramadhani Unguja, Donald Mtetemela Ruaha, ilhali ofisi kuu ya jimbo iko Dodoma. Nauona mpango huo kuwa bora kuliko ule wa kujenga Canterbury ndogo mahali pamoja, kwa kuwa mkuu anayerudi kila juma kuwaona walei wake hawezi kusahau upesi uzito wa maagizo anayoyatia sahihi. Lakini bado unawalinda maaskofu dhidi ya Askofu Mkuu kuliko unavyozilinda parokia dhidi ya askofu. Rasimu ya Tucker ya mwaka wa 1897, iliyotaka kila mtu mwenye daraka, mgeni na mwenyeji, akae chini ya sinodi moja na ajibu mbele yake, ingali ndiyo kipimo. Na wajumbe wa sinodi zetu, walei kwa makasisi, waitafute, waisome, kisha waziulize dayosisi zao swali ambalo wamisionari wa Uganda walikataa kulijibu.